Shawa nzima, maji vuguvugu: volti 27 zilizopotelea darini

Mama mmoja wa Njombe mjini ana gesti ndogo ya vyumba vinne, imejengwa uani nyuma ya nyumba anayoishi. Chumba cha mwisho kimekuwa na lalamiko lilelile tangu kilipofungwa shawa ya umeme: maji hayapati moto. Hayawi ya baridi kabisa, ni vuguvugu, yale ambayo mgeni aliyetoka Dar es Salaam mwezi wa Saba anayaoga huku meno yanagongana, na kesho yake anahamia kwingine. Shawa ya kwanza ilitolewa kwa kudhaniwa ni feki. Ikafungwa ya kampuni nyingine, mambo yakawa yaleyale. Nilipoitwa, ya tatu ilikuwa imeshanunuliwa, bado ndani ya boksi lake. Iliyokuwa ukutani ni ya wati 5,400; hii mpya ni ya wati 7,500.

"Fundi, nifungie tu hii kubwa tumalizane," akasema.

Ningeifunga, angefurahi. Hilo ndilo linalonifanya niandike kisa hiki, kwa sababu shawa kubwa ingemletea maji ya moto kweli. Hesabu zinaonyesha hivyo, nitazileta. Zinaonyesha pia kile ambacho kingekuwa kinaendelea juu ya dari wakati mgeni anaoga kwa raha.

Tuanze na kilichokuwa kimeshapimwa. Fundi aliyetangulia alipanda, akaweka multimita kwenye nyaya za shawa, akasoma volti 225, akasema umeme upo kamili, kwa hiyo ubovu ni wa shawa. Namba aliyoisoma ilikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba aliisoma shawa ikiwa imezimwa. Ni sawa na kumpima mpagazi nguvu kabla hajatwishwa gunia. Volti hupotea njiani pale tu mkondo unapopita. Mkondo ukiwa sifuri, hata waya mwembamba na mrefu namna gani utaonyesha mwisho wake volti zilezile za mwanzo. Testa nayo itawaka vizuri, maana inahitaji mkondo mdogo sana kuwaka.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, nilisoma kibandiko cha shawa: 220 V, 5,400 W. Hapo pana zaidi ya namba mbili. Nguvu ni volti mara mkondo, kwa hiyo mkondo wa shawa hiyo ikipewa volti zake ni 5,400 gawanya kwa 220, yaani ampea 24.5. Na ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo, unaopimwa kwa omu, ni volti gawanya kwa mkondo: ndiyo kanuni ya Ohm. Njia ya mkato ni kuzidisha volti kwa zenyewe, ukagawa kwa wati: 220 × 220 ÷ 5,400 = omu 8.96. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya koili, ule waya wa ndani ya shawa unaopasha maji. Volti za mtaani zitapanda na kushuka, mkondo utafuata, lakini omu hizo hazitahama sana, kwa kuwa waya wa nikromu unaotumika kwenye koili hubadilika kidogo mno ukinzani wake unapopata moto, tena humo ndani unapozwa na maji muda wote.

(Balbu za zamani za nyuzi si hivyo. Balbu ya wati 60 ya volti 230 ina omu 880 hivi ikiwaka, lakini ukiipima ikiwa baridi utakuta hata moja ya kumi ya hizo haifiki. Kwa hiyo usichukue somo la shawa ukalipeleka kwenye balbu ukadhani imeharibika.)

Basi nikaomba maji yafunguliwe, shawa iwashwe, nikangoja dakika kadhaa mambo yatulie. Mkondo nilipima kwa ile mita ya kubana inayoukumbatia waya bila kuukata. Volti nilipima sehemu mbili: kwenye boksi la breka karibu na mita ya LUKU, na kwenye konekta ya shawa iliyo juu ya dari. Sikupima bafuni. Kazi ya kupima umeme hai kwenye sakafu yenye maji siifanyi, na asiye fundi asiijaribu hata huko juu.

Namba zilikuja hivi. Kwenye boksi, kabla ya kuwasha, volti 225. Baada ya kuwasha, 216. Kwenye konekta ya shawa, 189. Mkondo ampea 21.1.

Gawanya 189 kwa 21.1. Unapata omu 8.96.

Hapo kesi ya shawa feki imekwisha. Koili ni ileile iliyoahidiwa kwenye kibandiko, haijapungua wala kuzidi. Shawa ya kwanza siwezi kuisemea, ila nina wasiwasi ilitupwa ikiwa nzima.

Sasa nguvu: 189 × 21.1 = wati 3,988. Kibandiko kinasema 5,400. Zimekosekana zaidi ya wati 1,400, na watu wengi hushangaa hapa, kwa sababu volti zimepungua kwa asilimia 14 tu ya zile 220, halafu nguvu imepungua kwa asilimia 26. Volti zikishuka, mkondo nao unashuka kwa kiwango kilekile, na nguvu ni zao la vyote viwili, kwa hiyo inapigwa mara mbili. Chukua 189 gawanya kwa 220, utapata 0.859, izidishe kwa yenyewe, utapata 0.738, izidishe kwa 5,400, unarudi kwenye wati 3,985 hivi. Njia mbili tofauti, jibu moja. Huwa napenda kufanya hesabu kwa njia mbili namna hii, si kwa madoido, bali kwa sababu mita yenye betri chovu hudanganya na njia ya pili huiumbua.

Nizitafsiri wati hizo kuwa maji. Niliweka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, ikajaa kwa dakika 3 na sekunde 20, yaani lita 3 kwa dakika. Maji yalikuwa yanaingia yakiwa na nyuzi 15, kawaida ya Njombe wakati wa baridi. Kupandisha lita moja kwa nyuzi moja kunataka jouli 4,186 hivi. Kwa wati 3,988 maji hayo yanapanda nyuzi 19, yanatoka na 34. Kwa wati 5,400 yangepanda karibu 26, yakatoka na 41. Nyuzi 34 ni chini ya joto la mwili, na yakishapita hewani hadi begani yamepoa zaidi. Mgeni alikuwa anasema kweli. Ungeweza kubana bomba yapite lita 2.3 badala ya 3, ukapata nyuzi 40, na baadhi ya wageni walikuwa wamegundua hilo wenyewe. Tatizo ni kwamba ukibana kupita kiasi, swichi ya ndani inayosikilizia msukumo wa maji inakata umeme ukiwa na sabuni kichwani.

Twende sasa kwenye volti zilizopotea. Kutoka 225 hadi 216 kuna volti 9, na hizi zimepotea kabla ya kufika kwenye boksi: waya wa kutoka nguzoni, laini ya mtaa, transfoma. Gawanya 9 kwa 21.1, ni omu 0.43. Nyumba iko mbali kidogo na transfoma, na kwa mzigo mkubwa kama huu upotevu huo si wa ajabu. Nikauweka pembeni.

Volti 27 zilizopotea kati ya boksi na shawa ndizo zilizonipeleka darini. Ukinzani wa njia hiyo ni 27 ÷ 21.1 = omu 1.28. Na joto linalozalishwa humo ni 27 × 21.1, wati 570. Rudia namba hiyo polepole: wati 570, ndani ya waya, juu ya dari ya mbao.

Waya wenyewe ulikuwa wa milimita moja na nusu, yaani milimita za mraba za unene wa shaba yake. Ndio uleule tunaofungia taa. Ulikuwa umetoka kwenye boksi, ukapita juu ya jiko, ukavuka ua kwenye bomba, ukatembea juu ya vyumba vyote vinne hadi cha mwisho. Nilipima mita 45. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo kwenye hesabu ni mita 90, na hapa ndipo wengi huteleza, wanahesabu kwenda tu. Shaba ya mita moja yenye unene wa milimita moja ya mraba ina omu 0.0172 ikiwa na nyuzi 20. Kwa hiyo 0.0172 × 90 ÷ 1.5 = omu 1.03.

Nimepima 1.28, hesabu inasema 1.03. Tofauti ni omu 0.25, na sikutaka kuiachia hivihivi kwa kusema "ni makosa ya vipimo". Omu 0.25 kwa mkondo ule ni zaidi ya wati 100. Lazima zina mahali zinapokaa.

Nusu ya jibu ilikuwa juu ya jiko. Waya haukutosha siku ulipofungwa, ukaungwa kwa kusokotwa na kuviringishwa utepe mweusi. Utepe ulikuwa umegeuka rangi na una ile harufu ambayo fundi yeyote anaijua kabla hajaiona. Nilipima volti kati ya upande mmoja wa kiungo na wa pili, shawa ikiwa inafanya kazi: volti 2.6. Katika kipande kisichozidi urefu wa kidole! Gawanya kwa 21.1 ni omu 0.12, na joto lake ni wati 55, limejikusanya kwenye donge moja lililofungwa plastiki na kulazwa juu ya ubao mkavu.

Nusu nyingine haikuwa na mahali pamoja. Toa volti 2.6 kwenye 27, zinabaki 24.4, gawanya kwa 21.1, waya peke yake una omu 1.156. Bado ni asilimia 12 zaidi ya 1.03. Lakini 1.03 ni ya shaba yenye nyuzi 20, na ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Asilimia 12 gawanya kwa 0.39 ni nyuzi 31. Maana yake, kwa wastani waya mzima ulikuwa na joto la nyuzi 50 hivi, Njombe, mwezi wa Saba, jioni, baada ya dakika chache tu za kuoga. Waya umejipima wenyewe homa. Nisiitie chumvi: nikikosea urefu kwa mita moja tu, makadirio hayo yanahama kwa nyuzi tano au sita. Ila hata hivyo ni joto, na plastiki ya nyaya hizi imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Huo ni wastani. Pale waya ulipopita ndani ya bomba au chini ya mabunda ya nguo kuukuu zilizohifadhiwa darini, ulikuwa juu ya hapo.

Kwa nini breka haikukata? Kwa sababu ilikuwa ya ampea 32. Nilimuuliza mama mwenye nyumba kama ndiyo iliyokuwepo tangu mwanzo. Akasema hapana, ya mwanzo ilikuwa inaruka kila mtu akioga, wakambadilishia "yenye nguvu". Waya wa milimita moja na nusu unabeba ampea 14 hadi 17 hivi, kutegemea umelazwa wapi. Breka ya kwanza, ile iliyotukanwa na kung'olewa, ndiyo pekee katika nyumba ile iliyokuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Sasa turudi kwenye boksi lenye shawa ya wati 7,500. Ukinzani wake ni 220 × 220 ÷ 7,500 = omu 6.45. Njia nzima ya umeme ingekuwa: omu 0.43 za laini ya nje, 1.28 za waya na kiungo, 6.45 za koili, jumla 8.16. Volti 225 gawanya kwa 8.16 ni ampea 27.6. Volti zitakazofika kwenye shawa ni 27.6 × 6.45, yaani 178, chini hata ya zile 189. Nguvu ya shawa ni 27.6 × 178, zaidi kidogo ya wati 4,900.

Kumbuka tulikuwa na 3,988. Maji yangepanda nyuzi 23 badala ya 19, yangetoka na 38. Mgeni angeoga vizuri, mama angesema fundi huyu anajua, nami ningelipwa na kupelekwa kwa jirani mwenye shida kama hiyo. Breka ya ampea 32 isingeruka, maana 27.6 iko chini yake. Kwenye dari joto lingekuwa 27.6 × 27.6 × 1.28, wati 975. Karibu pasi nzima ya umeme imewashwa na kutandazwa juu ya mbao. Kile kiungo cha jikoni peke yake kingetoka wati 55 kikapita 90, na viungo vya namna hiyo havibaki na omu zilezile: vikiungua vinapata kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Hata hesabu yangu ni ya siku ya kwanza tu.

James Joule alishaonyesha mwaka 1841 kwamba joto kwenye waya huenda na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipandisha mkondo kwa asilimia 31 kama tulivyofanya hapo, joto linapanda kwa asilimia 71. Fundi akiishika hiyo moja tu, hataifunga shawa kubwa ili kufidia waya mdogo.

Nilimwekea mama hesabu hizi kwenye karatasi, si zote, mbili tu: shawa mpya na waya wa zamani, au shawa ya zamani na waya mpya. Ya pili inakwenda hivi. Waya wa milimita 6: 0.0172 × 90 ÷ 6 = omu 0.26, bila kiungo katikati. Jumla ya njia ni 0.43 + 0.26 + 8.96 = 9.65. Mkondo ni 225 ÷ 9.65, ampea 23.3. Volti kwenye shawa 209, nguvu wati 4,870.

Zitazame sambamba. Wati 4,900 kwa kubadilisha shawa, wati 4,870 kwa kubadilisha waya. Kwa anayeoga ni maji yaleyale. Tofauti iko darini: wati 975 kwa njia ya kwanza, wati 140 kwa ya pili, zimetandazwa kwenye mita 90 za shaba nene ambayo haitapata joto la kusumbua.

"Na bili?" akauliza, swali la haki kabisa. Wati 570 zilizokuwa zinapotea ziko upande wake wa mita, kwa hiyo alikuwa anazilipia. Wageni wanne wakioga dakika kumi kila mmoja, ni yuniti 0.38 kwa siku, yuniti 11 na kidogo kwa mwezi. Si kitu cha kumfilisi mtu. Nilimwambia hivyohivyo, kwa sababu ukimwahidi mteja kwamba waya mpya utampunguzia bili kwa nusu, mwezi ujao utakuwa umepoteza heshima.

Waya wa milimita 4 nao tuliujadili, maana bei ya shaba inauma. Kwa hesabu unatoa wati 4,745, pungufu ya 125 tu, na mgeni hawezi kuhisi tofauti hiyo. Ningeukubali kwa breka ya ampea 25. Alichagua 6 ili breka ya 32 ibaki. Wa milimita mbili na nusu niliukataa: mkondo wa ampea 22 na ushee unaugusa ukingoni, na kwa breka ya 32 hauna ulinzi wowote.

Wakati wa kuvuta waya mpya likajitokeza jambo lililonikera kuliko kiungo. Shawa ilikuwa haina ethi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Waya wake wa kijani ulikuwa umekatwa ukafichwa nyuma ya kifaa, na umeme wa kwenda na kurudi ndio pekee uliofika. Kanuni ya Ohm haitakuonyesha kasoro hiyo, kwani shawa isiyo na ethi na yenye ethi zina volti, mkondo na wati sawasawa hadi siku koili itakapopasuka ndani ya maji. Tulivuta ethi hadi kwenye chuma cha ardhini, tukaongeza kwenye boksi kile kifaa kinachokata umeme unapovuja hata kidogo. Hicho kilikuwa cha lazima, nami nilikataa kuwasha bila hicho.

Baada ya kazi nilirudia vipimo vilevile. Boksini bila mzigo 225, na mzigo 215. Kwenye shawa 209. Mkondo ampea 23.3. Kutoka boksi hadi shawa volti 6, gawanya kwa 23.3, omu 0.26. Maji nyuzi 38.

Shawa ya wati 7,500 ilirudishwa dukani ikabadilishwa na nyingine ya 5,400, na hapo mama akaja na ombi jipya: ifungwe chumba cha tatu, kwa waya wa milimita 6 kama ule. Nilifanya hesabu nikiwa bado kwenye ngazi. Shawa mbili zikiwaka pamoja, kila moja na waya wake, ni njia mbili sambamba za omu 9.22 (8.96 na 0.26), kwa hiyo laini ya nje inaziona kama nusu yake, omu 4.61. Ongeza 0.43, ni 5.04. Mkondo jumla karibu ampea 45, boksini volti 206, na kila shawa inapata wati 4,450 hivi. Maji bado yangefika nyuzi 36. Lakini ampea 45 juu ya friji, taa na jagi la umeme ni mzigo wa waya unaotoka nguzoni, ambao si wangu wala wa mama, na zile omu 0.43 zinaweza kuwa umbali tu au zinaweza kuwa kiungo kingine kama kile cha jikoni, safari hii juu ya nguzo. Nimemwambia apeleke ombi shirika la umeme waje wakague laini yake ikiwa na mzigo. Shawa ya pili iko stoo.